Koti Moja, Babu Wengi

Ninyi vijana mnaoipiga picha sahani ya ugali kabla hamjanawa mikono, hebu wekeni simu chini kidogo. Juzi mjukuu wangu kanionyesha picha za viatu vyake. Viatu vile vile, mara juu ya zulia, mara juu ya nyasi. Nikamuuliza, "Viatu hivi vimepotea?" Akasema, "Poa tu bibi, ni kumbukumbu." Kumbukumbu! Mimi nimekula chumvi nyingi katika kazi ya picha hapa Sumbawanga. Nilianza enzi za Ujamaa, nikaacha macho yalipogoma, na nawaambia kulikuwa na watu waliotembea kutwa nzima kutafuta picha moja ya mtu mmoja, tena mtu mwenyewe amenuna.

Maana wote walinuna. Mpiga picha wa zamani alikuwa anakuamuru usipumue, usipepese, usifikirie jambo lolote. Ndiyo maana ukiwatazama mababu zenu ukutani wanaonekana kama wamenyimwa chakula. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamebana pumzi.

Studio yenyewe ilikuwa ya Mzee Salehe. Mbele alikuwa na duka la chumvi, mafuta ya taa na vitenge, vikipatikana. Nyuma kulikuwa na studio, na nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na humo gizani ndimo nilimofundishwa kazi kwa kufokewa. Mzee Salehe hakunitukana hata siku moja, alikuwa mtu wa dini, lakini alikuwa na namna ya kuvuta pumzi puani inayokufanya utamani kutukanwa. Siku za mwanzo nilifungua mlango kabla ya wakati, mwanga ukaingia, na picha ya harusi ikatoka bwana harusi akiwa wingu. Bibi harusi yupo, shada lipo, bwana ni ukungu mweupe. Mama wa bibi harusi alipokuja kuichukua aliitazama sana. Akasema, "Si mbaya. Na nyumbani yuko hivyo hivyo."

Sasa siku moja mjane wa Fundi Anjelo akatuletea sanduku la bati juu ya baiskeli. Fundi Anjelo ndiye aliyekuwa akipiga picha Ufipa yote kabla ya Uhuru. Alizunguka na baiskeli kutoka Mollo mpaka kupita Namanyere, na akishuka bondeni alifika hadi Kaoze. Akishapiga alikwenda kuzisafishia Mbeya, na akirudi, mwingine amekwenda kukata mkonge, mwingine amehama, mwingine amefariki. Picha zisizo na wenyewe akazitia sandukuni. Hakuandika kitu nyuma yake. Alisema anamjua kila mtu, na kweli alimjua kila mtu. Tatizo akafa.

"Wachukueni," mjane wake akasema. "Nimechoka kukaa na wageni wasiokula wala kuaga."

Mimi nilitaka tuziweke juu ya kabati. Mzee Salehe akavuta pumzi puani. "Skola, hii ni amana. Amana hairithiwi, hurudishwa." Kisha, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara vilevile, akaongeza, "Na anayerudishiwa babu yake lazima atataka kupigwa picha naye."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuwarudisha wafu kwa watoto wao, kazi isiyokuwa na jina. Na nawaambieni, kutafuta wazazi wa mtoto aliyepotea sokoni ni rahisi, maana mtoto analia. Picha hailii. Tena ilikuwa baada ya watu kuhamia vijiji vya Ujamaa. Ukiuliza fulani wa bonde lile yuko wapi, unaambiwa bonde lile sasa lina ngedere tu. Watu walihama na mitungi, kuku na milango ya nyumba, na picha nyingi zilibaki kwenye nyasi za paa zikaliwa na mchwa. Kwa hiyo wenye njaa ya picha walikuwa wengi. Na mtu mwenye njaa hachagui bakuli.

Hapo ndipo koti lilipotuchezea shere. Fundi Anjelo alikuwa na koti moja zito la sufu, na kofia moja pana. Kila mwanamume aliyepigwa picha alivalishwa, maana watu walitaka kutoka wakiwa mabwana, na Ufipa mwezi wa sita kuna baridi ya kung'ata masikio, hakuna anayekataa koti. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cheupe na vingine vyeusi. Nimeliona koti hilo juu ya watu wafupi likiburuta chini, na juu ya warefu likiishia kiunoni. Nusu ya sanduku ilikuwa koti lile lile, tofauti ni kichwa tu.

Basi unafika kijijini, unatoa picha, na mzee anaruka: "Baba! Nalikumbuka koti hilo!" Kweli baba yake alilivaa. Na wa jirani alilivaa. Na wa jirani yake. Watu wazima wakagombania baba mmoja mpaka wakashikana mashati.

Kijiji kimoja njia ya Namanyere ndio walinimaliza. Mwenyekiti wa kijiji alikataa nisambaze picha hovyo. Akataka ziingie kwenye mkutano, na kwenye mkutano zikawekwa mwisho kabisa, kwenye mengineyo, baada ya mbolea na baada ya mbuzi waliokula mahindi ya shamba la kijiji. Ilipofika zamu yangu watu walikuwa na njaa na hasira za mbuzi. Nikaonyesha picha. Nyumba kadhaa zikamdai mtu mmoja. Mwenyekiti akasimama, akanyoosha shati.

"Ndugu wananchi, shamba ni letu sote?"

"Ndiyo!"

"Trekta likija, litakuwa letu sote?"

"Ndiyo!"

"Basi na babu huyu ni wetu sote!"

Wakapiga makofi. Yule babu akatundikwa ofisini, karibu na ratiba ya zamu za shamba, na nasikia watoro walikuwa wakikaripiwa mbele yake. Nilimsimulia Mzee Salehe nikidhani atacheka. Akasema tu, "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Acha kutazama koti, mwanangu. Tazama kisichoazimwa."

Nikajifunza, na hili chukueni, litawafaa hata msipofanya kazi hii. Masikio hayaazimwi. Ukoo unaweza kupoteza ng'ombe, ardhi na lugha, masikio yakabaki. Nikawa nafunika koti kwa kiganja, natazama masikio ya picha, halafu natazama ya anayedai. Jambo la pili, usimwonyeshe mtu picha kwanza. Mwulize kwanza mzee wake alikuwaje. Ukimwonyesha kwanza, babu yake ataota masharubu papo hapo. La tatu, usimtafute aliyempenda marehemu. Aliyempenda anakumbuka nyama aliyopewa. Mtafute aliyegombana naye. Huyo anakumbuka mpaka pengo la jino. Na la mwisho, usifike siku ya komoni, pombe yetu ya kienyeji. Siku komoni imeiva kila mtu ni mtoto wa kila mtu.

Lakini kabla sijayajua hayo, picha moja ilikuwa imeshatoka. Mzee Osvadi wa Mollo alikuja studio mwenyewe. Nilikuwa nimezitandaza mezani, akanyakua moja, na machozi yakamtoka. Ndani yake alisimama bwana mwenye koti na kofia, masharubu meusi tii, kifua mbele, na tumbo kubwa lililofanya vifungo vya chini visifungike. "Baba yangu Matiasi," akasema. "Tazameni kitambi. Tulikuwa watu wa kushiba sisi." Mtu mzima analia mbele yako, utamwambia nini? Mzee Salehe akampa.

Babu Matiasi akatiwa fremu, akawa mkubwa kuliko alivyokuwa hai. Wajukuu wakiingia sebuleni walichuchumaa na kumpigia makofi taratibu, vile tunavyowasalimu wakubwa kwetu. Mtoto aliyeiba sukari alipelekwa kuungama mbele yake. Mtu mmoja tu mle ndani hakumsalimu, naye ni Bibi Oresta, dada mkubwa wa Mzee Osvadi.

"Baba yetu alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe," alikuwa akisema.

"Alinenepa siku hiyo," Mzee Osvadi anamjibu.

Ulipita muda, kiasi cha mavuno kadhaa kuingia na kutoka, akaja studio mwanamke mmoja kutoka bondeni, Kaoze. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake Gaudensia, mtu mzima mwenye watoto wake. Nilimpa maji, akayashika tu hakuyanywa.

"Dada, nasikia mnarudisha picha za Fundi Anjelo. Namtafuta mama yangu. Alifariki siku aliyonizaa. Sijawahi kumwona."

Nikafungua sanduku. Wanawake walikuwemo wachache, nao nilishawajua. Nikamwuliza kama nilivyojifunza: alikuwaje?

Akaona haya. "Shangazi yangu alinisimulia kabla hajafa. Siku Fundi alipofika kwetu, baba aliogopa mashine, akajificha ghalani. Mama alikuwa mtu wa mizaha. Akavaa lile koti na kofia, akapaka masizi ya chungu hapa juu ya mdomo, akasimama mbele ya mashine kama baba. 'Piga,' akasema, 'huyu ndiye bwana wa nyumba.' Wote walicheka, Fundi naye akapiga. Sijui kama ni kweli. Sijui hata kama ninafanana naye. Huwa najitazama kwenye maji ya ndoo, nasema labda huyu ndiye yeye, labda siye. Watu wana mama wa kumkumbuka. Mimi nataka wa kumjua tu."

Masharubu meusi tii. Nilitazamana na Mzee Salehe, naye safari hii hakuvuta pumzi puani. Alisema, "Funga duka."

"Studio, mzee?"

"Vyote. Nenda Mollo. Chukua na sanduku."

Njia nzima upepo ulitusukuma migongoni, mimi na Gaudensia, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno. Ninyi mtamwambiaje mzee wa watu kwamba babu anayemsujudia ni mama wa mtu?

Tulimkuta Mzee Osvadi nyumbani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni, msalimuni babu kwanza." Nikachuchumaa nikapiga makofi, ningefanyaje. Gaudensia hakuchuchumaa. Alibaki amesimama mlangoni anatazama ukutani, na mkono wake ukapanda taratibu mpaka mdomoni.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikizungukazunguka, nikaanzia kwenye baiskeli ya Fundi Anjelo. Nilipofika kwenye masizi, Mzee Osvadi alisimama.

"Unasema baba yangu ni mwanamke?"

"Nasema picha, mzee, siyo baba."

"Nina mjukuu nimempa jina lake! Nimeapa mbele yake! Juzi tu tumesuluhisha ugomvi wa mpaka mbele ya uso huu, na pande zote zimeheshimu! Halafu mnaniambia ni mke wa mtu wa Kaoze anafanya mzaha?"

"Mzee," Gaudensia akasema, "mimi sikuja kukunyang'anya. Niruhusu nisogee tu. Nitazame, kisha nitarudi kwetu."

Alisema kwa sauti ndogo sana, na mimi nikaona aibu ya kazi yangu yote. Mwanamke amepanda mlima mzima kumwomba mgeni ruhusa ya kumtazama mama yake. Hapo ndipo Bibi Oresta alipoinuka kwenye kigoda chake karibu na jiko, akajikongoja mpaka ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu picha itundikwe, akaisogelea.

Akaweka kiganja juu ya kofia. "Masikio yametogwa," akasema. "Osvadi, baba alivaa hereni?"

Akashusha kiganja, akafunika uso, likabaki koti. Bibi huyu alikuwa amezalisha wanawake wa Mollo tangu ujana wake. Akatazama, akaguna, akaanza kutikisika mabega.

"Ninyi wanaume mna macho ya kutazamia nini? Kitambi cha mwanamume kinalala juu ya mkanda kama gunia lililochoka. Hiki kimepanda, kimekaza, kimesimama kama mtungi. Osvadi mdogo wangu, baba yako huyu anakaribia kujifungua."

Wajukuu waliokuwa mlangoni walikimbia nje kwenda kucheka. Mke wa Mzee Osvadi akajifunika uso kwa khanga, na khanga ikawa inaruka. Mimi niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu. Mzee Osvadi alitazama kitambi cha ukoo wake, akatazama tena, na nikaona kinavyomtoka moyoni.

Gaudensia peke yake hakucheka. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo cha fremu. Akanyoosha kidole, akagusa pale vifungo vilipokataa kufungika.

"Basi huyu ni mimi," akasema.

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Sanduku zima lile la watu waliobana pumzi, na humo ndani alikuwemo mtu ambaye hata kupumua alikuwa hajaanza.

Mzee Osvadi alikaa chini. "Kwa hiyo sina baba," akasema, na alisema kama mtoto.

"Unaye, usinitie uchungu," Bibi Oresta akamkata. "Skola, fungua hilo sanduku." Akachakura humo ndani kama mtu anayechagua maharage, huyu siye, huyu siye, mpaka akasimama kwenye bwana mmoja mkondefu aliyepotea ndani ya koti lile lile, shingo ikitoka kwenye kola kama fimbo ndani ya ndoo. "Huyu hapa. Tazama alivyoninunia. Mpaka leo hajanisamehe kwa kumkataa yule mchumba wa Namanyere."

Mzee Osvadi aliishika picha mbali, akaileta karibu. Nilitazama masikio ya picha, nikatazama yake. Yalikuwa yale yale, yamechomoza kama vipini vya sufuria. "Alikuwa mwembamba hivi?" akauliza.

"Alikuwa anatupa sisi chakula," dada yake akasema.

Mzee Osvadi aliipangusa picha kwa mkono wa shati, akaitia mfuko wa kifuani, na baada ya muda akapanda kigoda akaitoa ile ya ukutani. Lakini hakuitoa mkononi. Aliishikilia, anamtazama Gaudensia, na ilionekana bado kuna kauzito. Miaka ya kusalimu uso haitoki kwa siku moja.

"Unafanana naye?" akauliza.

"Sijui, mzee. Masharubu yananichanganya."

Bibi Oresta akacheka. Gaudensia akamtazama, akatazama jiko, halafu akaenda akainama, akapitisha kidole chini ya chungu. Akajipaka juu ya mdomo, upande huu, upande ule, akatupita sote akasimama katikati ya sebule, kifua mbele.

Mzee Osvadi alichuchumaa akapiga makofi kabla hajajijua.

Sebule nzima ililipuka. Mke wake alianguka kabisa juu ya mkeka, na mwenyewe mzee alipogundua alichofanya akabaki pale pale chini anacheka mpaka anakohoa, fremu kaikumbatia. Mpiga picha hatembei bila kioo na kitana, basi nikatoa kioo changu mkobani nikampa Gaudensia, nikijua tu kwamba anastahili kuona alivyotisha.

Alikitazama kile kioo. Kicheko chetu kikaisha chenyewe, mmoja mmoja, na yeye bado anatazama. Akageuza uso upande mmoja, akageuza wa pili, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Machozi yakashuka yakafika kwenye masizi, yakayachora mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Na Bibi Oresta, aliyegombana na dunia nzima, ndiye aliyemwitikia: "Marahaba, mwanangu."